Dumu Ambalo Dorkasi Hakulitoa

Ukungu bado umeulalia mji mdogo wa Soni, na Dorkasi Shemhina ameshavaa glovu. Yuko nyuma ya ghala la mboga anakofanya kazi, anageuzageuza dumu la bluu. Lebo imebanduka. Ndani linanukia sabuni.

"Haya ndiyo ninayoyaogopa," anasema. "Lenye picha ya fuvu linajitangaza lenyewe. Hili limenyamaza, utalijuaje?"

Kazi yake ni kuchambua taka. Majani ya kabeji yanakwenda kuwa mboji; vyombo vya dawa ya wadudu vinafungiwa kibandani. Kisicho na lebo hukiulizia, na jibu lisipopatikana, anakiweka kwenye sumu.

Kusema ni rahisi. Huku milimani dumu zima ni mali, jamani! Linabeba maji, maziwa, togwa. Na wengi wanaamini ukilisugua kwa majivu, harufu ikakata, basi limetakata.

Mwezi uliopita jirani yake wa kijijini Mgwashi, mzee Nathanaeli, alifuata dumu kama hilo hapa ghalani. Mjukuu wake alikuwa anapata kipaimara, na togwa ya wageni haikuwa na chombo.

"Shikamoo, baba. Hili sikupi."

"Marahaba. Yaani mwanangu unaninyima kitu cha jalalani?"

"Sijui lilibeba nini, baba."

"Nimelinusa! Sabuni tupu!"

Mzee akaondoka amenuna. Dorkasi roho ilimuuma sana, maana alipofiwa na mume, mzee huyo ndiye aliyemlimia shamba.

Mchana akamuuliza Clemence, mpiga dawa wa ghala. Clemence akashika kichwa. Dumu lilikuwa la dawa ya wadudu wa nyanya. Yeye mwenyewe alilisuuza kwa sabuni, akadhani yamekwisha.

Jioni Dorkasi aliazima ndoo za wanakwaya wa kanisani kwao, akampelekea mzee na kumweleza. Machozi yakamtoka Nathanaeli.

"Watoto wote wale," alisema. "Ningewanywesha kwa mkono wangu."

Siku ya sherehe, kikombe cha kwanza cha togwa alipewa Dorkasi, mbele ya wageni wote.

"Namshukuru Mungu kwamba mzee alininunia tu," anasema, akicheka huku akifuta macho. "Ningemridhisha, leo tungekuwa tunalia makaburini."

Sasa anapanga kuzungumza na waumini baada ya ibada, kabla ya sherehe za mavuno, juu ya madumu haya. Mchungaji amekubali. Mzee Nathanaeli naye ameomba jambo moja: aanze kusema yeye.