Bi Zambarau na Jiwe la Mashaka

Binti wa marehemu mdogo wangu tunamwita Bi Zambarau, na ukimwona mikono hutauliza kwa nini. Vidole vyake vya kulia vina wino wa zambarau usiotoka kwa sabuni, kwa limau wala kwa dua. Alikwenda harusini hivyo hivyo, na nusu ya wageni wakauliza rangi ile ya kucha inauzwa wapi.

Kazi yake ni kusahihisha bahari. Msicheke. Bahari nayo ina makosa, ila makosa yake yanazamisha watu.

Ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la kamba na rangi, karibu na lango la bandari. Mna droo pana kama vitanda, na ndani yake ramani za bahari zimelala zimenyooka, hakuna ruhusa ya kuzikunja. Ukutani ni rafu za vitabu, vizito mpaka nyumba imeinamia upande wa maji. Limau likikuponyoka mlangoni linaviringika lenyewe mpaka dirishani, linashuka barabarani, na wapo mabaharia waliolipokea mkononi wakashukuru.

Ramani ni mwanzo tu. Kipo kitabu cha taa, kinachosema kila mnara unavyokonyeza: huu mara mbili halafu unapumzika, ule mwekundu, ule umekufa. Kipo cha maji kupwa na kujaa. Kipo cha jua na nyota, cha wale ambao mitambo yao imewazimikia. Na kipo nikipendacho mimi, cha miongozo ya pwani, kinachozisema bandari kama mashangazi wanavyosema wakwe: huyu anapokea vizuri asubuhi, huyu msimsogelee upepo ukitoka kusini, kwa huyu msiingie bila mwenyeji. Meli isiyo navyo vyote, tena vya karibuni, mkaguzi haipi ruhusa ya kung'oa nanga.

Kila wiki hufika bahasha ya matangazo. Boya limehamishwa. Taa imezimwa. Meli fulani imezama mahali fulani. Bi Zambarau hukata, hubandika, huchora kwa wino wake, kisha kwenye kona ya chini ya ramani huandika namba ya tangazo. Bila namba ile, hata malaika ashuke aape kwamba kazi imefanyika, kwake haijafanyika.

Mimi kusoma sikusoma, ila kuuliza nilihitimu. Nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, nabaki mpaka anifukuze. Siku moja nikaweka kidole katikati ya maji matupu.

"Hiki kiduara cha nukta nukta ni nini? Umedondosha wino?"

"Hilo ni jiwe, Mama Mkubwa. Toa kidole chako cha mafuta."

"Jiwe, mbona umelizungushia kama kidonda?"

"Ni la mashaka. Nahodha mmoja aliripoti kwamba ameliona, babu yangu hajazaliwa. Tangu hapo hakuna aliyeliona tena."

"Labda alimwona nyangumi kalala."

"Labda."

"Au alikuwa amelewa."

"Inawezekana sana."

"Sasa si ulifute?"

Akanitazama kama nimemwambia atupe mtoto dirishani. "Hatari ikiripotiwa naiweka leo leo, hata kama aliyeripoti ni mwongo kama wewe. Kuitoa, mpaka mtu aende apime pale pote, asiache pengo hata la upana wa mkeka. Asipokwenda mtu, jiwe linakaa. Meli zinazunguka."

Nilifurahi siku ile jamani! Maisha yangu yote nafukuzwa jikoni kwa sababu ya uongo, kumbe serikali ina karatasi safi yenye nafasi maalumu ya maneno kama yangu, tena yanazungushiwa duara kwa heshima.

Sasa, mtu aliyekuwa akileta ofisini karatasi za vina vya bahari, maji yana urefu gani mpaka chini, alikuwa bwana mmoja wa mashua ya kupimia. Tulimwita Mpima. Mjane, mrefu, mpole, anaongea taratibu kana kwamba kila neno lazima lishushwe kwa kamba kwanza liguse chini. Akipanda ngazi na karatasi zake, Bi Zambarau alikuwa anajifanya hakumsikia, huku anajifuta vidole kwa kitambaa ambacho ndicho kilichokuwa kinampaka wino zaidi. Mimi ni mzee, si kipofu.

Mwishowe Mpima akamtuma mtu kwa mjomba wake Bi Zambarau, akaleta posa. Binti yangu yule, ambaye watu walishazoea kumwita mama ilhali hajawahi kuitwa mke, akaanza kuimba akibandika matangazo. Meli ngapi zilipewa taa zao kwa wimbo mwezi ule!

Ndipo akaja shangazi yake, dada wa baba yake, anahema ngazini.

"Huyo bwana ana mke na mtoto bandari ya pili," akasema kabla hajakaa. "Ameonekana amembeba mtoto mabegani, na mwanamke nyuma yao na kikapu."

"Ameonekana na nani?" nikauliza.

"Na watu."

Wote wawili wakanigeukia mimi.

"Mara hii si mimi!" nikasema. "Mimi ningempa wake saba, na mmoja wao angekuwa na ndevu."

Bi Zambarau hakulia wala hakupiga meza. Alifunika chupa ya wino. Akamwambia mjomba asubiri kutoa jibu. Kuanzia hapo, Mpima akipanda ngazi ya mbele, yeye anashuka ya nyuma. Vina vikabaki mezani bila salamu.

Nilimfuata. "Mwulize basi."

"Mwamba hauulizwi kama ni mwamba."

"Basi kapime."

"Anayepima pwani hii ni yeye mwenyewe, Mama Mkubwa. Nimwamini vipi ajipime?"

Nikaona hesabu yake. Kashaweka kiduara, na atazunguka mpaka kaburini, kama zile meli zinavyolizunguka jiwe la yule mlevi. Ubaya ni kwamba Mpima alikuwa anahamishiwa bandari ya pili moja kwa moja mwezi ukiisha, na mjomba alitaka jibu kabla hajaondoka. Jibu la kuchelewa lingekuwa hapana.

Nikajifunga kanga nikaenda gatini. Nilimkuta anakunja kebo.

"Bwana Mpima, nasikia una wake saba, mmoja ana ndevu."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Nani kasema, Bibi?"

"Watu. Mimi nimeongeza ndevu tu."

"Na yeye ameamini?"

"Haamini wala hakatai. Amekuzungushia kiduara."

Mtu mwingine asingeelewa. Huyu alikaa juu ya nguzo ya kufungia meli, kebo mikononi, akawa haiangalii. Akashusha maneno yake taratibu: "Alhamisi naenda kule kikazi, narudi jioni. Mwambie aje apime mwenyewe."

Nikapeleka salamu. Bi Zambarau alikataa papo hapo. Bahari anaijua kwa karatasi. Maji yakitikisika kwenye beseni tu, yeye anashika ukuta.

"Vizuri," nikasema. "Basi nitakwenda mimi. Nitakuletea ripoti."

Uso wake ukabadilika. Alinitazama kwa muda mrefu, nadhani alikuwa anaona ripoti yangu inavyokuja: wake, ndevu, pengine na simba mmoja.

"Alhamisi saa ngapi?" akauliza.

Alikuja na kitabu cha taa ndani ya mfuko wa plastiki, kama wengine wanavyobeba msahafu safarini. Mashua haijatoka hata mdomoni mwa bandari, yeye kashainamia ubavuni mwake, anairudishia bahari chai yake. Nilimshika kiuno nikampasha habari za safari yangu ya zamani, tulipopigwa na wimbi refu mpaka nikachungulia ndani ya dirisha la ghorofa ya nne nikamsalimia mtu anaoga. Hakucheka. Alitapika kwa adabu zaidi.

Kisha akainua kichwa. Mbele yetu palikuwa na boya la kijani, limepauka, limejaa kinyesi cha ndege, linayumba kama mlinzi mwenye usingizi.

"Ndilo lile?" akamwuliza Mpima. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu shangazi apande ngazi.

"Ndilo."

"Nimelihamisha kwa kalamu mara kadhaa mimi," Bi Zambarau akasema. "Kumbe ni kubwa hivi!"

Mpima akapunguza mwendo, akaisogeza mashua mpaka karibu kabisa. Bi Zambarau akanyoosha mkono wake wa wino akaligusa. Tangu hapo akasahau kuugua. Kila kitu alikuwa anakitaja kabla hatujakiona: mnara mweupe wenye mkanda mweusi, rasi yenye miti miwili, tangi la maji. Kikitokea anapiga makofi kama mtoto. Mnara mmoja ulikuwa na mkanda mwekundu badala ya mweusi, na nikamsikia anamkemea Mpima: "Mbona hamkuripoti?" Naye anajibu, "Wamepaka juzi," na wote wawili wanaona ni jambo zito sana.

Bandari ya pili tulishukia ngazi za mawe, tukapita ghala la saruji, tukaingia uchochoroni kwenye nyumba yenye mlango wa buluu. Mtoto wa kike asiye na meno ya mbele akatoka mbio akampanda Mpima kama mti. Nyuma akatokea mwanamke na kikapu.

Nami nikasema moyoni, basi, jiwe lipo.

Lakini mwanamke yule alikuwa rika langu, na magoti yake yalikuwa yanalia kama yangu. Mama mkwe wa Mpima, mama wa marehemu mkewe. Mtoto ni wa marehemu.

Mimi nilipumua. Bi Zambarau ndiyo kwanza alikunja uso.

"Ulimwambia mjomba huna mtoto?"

"Hakuniuliza."

"Jiwe lililoripotiwa silichukii," akasema, sauti imepanda mpaka jirani akafungua dirisha. "Nalichukia lile ambalo mtu analijua, amelipima, halafu ananyamaza!"

"Kabla yako niliposa kwingine, nikasema siku ya kwanza," Mpima akajibu. "Sikujibiwa hata hapana. Kwako nikaogopa."

Mtoto bado yuko mabegani, anamvuta baba yake masikio.

"Kuna mengine?" Bi Zambarau akauliza.

"Mengine nini?"

"Mawe."

Bwana yule akafikiri kweli kweli, sijaona mtu akijipekua namna ile. "Nakoroma," akasema. "Samaki siwezi kumla, nashinda na harufu yake kutwa. Na huyu mama simwachi, popote nitakapokaa atakaa nami."

"Uniache uone!" mama mkwe akapaza sauti kutoka jikoni, alikokwisha kuingia kutupikia.

Mtoto akashuka mabegani, akakishika kidole cha zambarau akakisugua kwa mate. Hakikutoka. Akasugua tena. "Mbona haitoki?"

"Haitoki," Bi Zambarau akamwambia. "Kaa nikuoneshe." Akatoa kalamu mkobani, akamchorea boya juu ya kiganja.

Njia ya kurudi hakutapika, kitabu cha taa kimefunguka mapajani. Nilimwacha mpaka nikashindwa.

"Sasa ripoti inasemaje?"

"Jiwe lipo," akasema, anatazama maji. "Ila si pale walipoliweka. Na panapitika."

Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa mjomba kutoa jibu, hakutuma mtu. Shangazi alisusa harusi, kisha akaja kabla ya wote akakaa mbele.

Mpima aliomba uhamisho ufutwe, akawaleta huku mtoto na mama mkwe. Siku hizi ofisi ya ghorofani ina kiti kidogo, na mtoto yule meno yamemwota. Bi Zambarau anamfundisha kusoma kwa kitabu cha taa. Juzi niliwasimulia lile wimbi, dirisha la ghorofa ya nne na yule mtu anayeoga. Mtoto akageuka. "Mama, ni kweli?"

Bi Zambarau hakuinua kichwa kwenye ramani. "Zungushia kiduara," akasema, "na chini yake uandike: aliyeripoti ni Bibi."