Kizibo cha Kiti cha Tisa

Ubao wetu wa Iringa ulikuwa na misumari iliyopigiliwa kwa mpangilio wa viti vya basi: miwili kushoto, mitatu kulia, na nyuma kabisa mstari mmoja mrefu. Kila msumari ulikuwa na namba yake. Kiti kikiuzwa, tulitundika kwenye msumari wake kizibo cha soda kilichotobolewa na kupakwa rangi nyekundu. Mbeya walikuwa na ubao kama huo. Wa Mbeya ndio ulikuwa ubao wenyewe, kwa sababu basi la asubuhi lilianzia kule. Wetu ulikuwa wa kuufuata.

Nilianza kazi pale kwenye dirisha la tiketi katikati ya miaka ya sabini. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Mama alifia hospitali ya misheni kule Tosamaganga, na baba akamfuata kabla mahindi ya mwaka ule hayajavunwa. Mimi ndiye mkubwa. Wadogo zangu nikawapeleka kwa shangazi Uyole, nje kidogo ya Mbeya, nikarudi Iringa peke yangu kutafuta cha kuwapelekea. Watu walinisifu kwamba silii. Sikuwa najizuia. Hakikuwepo cha kulia.

Kila alasiri opereta wa simu alituunganisha na Mbeya. Karani wa kule alikuwa kijana wa Kinyakyusa ambaye sikuwahi kumwona uso. Aliniita shemeji bila sababu yoyote.

"Iringa, mmeamka, au ulanzi bado umewashika?"

"Sisi tumeamka, kaka. Ninyi ndizi zimeisha? Soma viti."

Akasoma kiti kimoja kimoja, nami nikatundika. Mzee aliyenifundisha kazi, Mbena mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisimama nyuma yangu akihakikisha siongezi langu. Hilo ndilo lilikuwa sharti lake kubwa. Hata kama najua jambo ambalo Mbeya hawajalijua, ubao wetu uanze kama wao walivyosoma, kiti kwa kiti. Tuliyoyajua sisi yangefuata baadaye, Mbeya wakishayapata.

"Ukianza na lako, na yule akaanza na lake," alisema, "mtauza kiti kimoja kwa watu wawili. Nao hawatagombana Mbeya. Watakuja kugombana hapa mlangoni kwangu."

Palikuwa na njia moja ya kiti kurudishwa huku Iringa simu ikiwa imekatika. Ulikitoa kizibo chake kwenye ubao wetu, ukampa dereva wa basi linalokwenda Mbeya. Kizibo kikifika kule, wanajua kiti kimerudi, na wanaweza kukiuza. Kabla hakijafika, msumari wetu uliobaki wazi tuliufunga uzi mweusi. Msumari wenye uzi ulikuwa hauna kitu na hauuzwi. Kiti hakikuwa cha mtu, wala hakikuwa kitupu.

Mwaka huo mdogo wangu anayenifuata alichaguliwa kuingia sekondari ya wasichana, upande wetu wa Iringa. Kwetu hakuna aliyewahi kufika huko. Shangazi alimshonea sare, akamtafutia sanduku la bati. Ila shule zilikuwa zinafunguliwa, na mabasi yalijaa tangu Mbeya. Uyole hapakuwa na ubao. Palikuwa na kibanda tu kando ya barabara, na wakala aliyewaambia watu wapande au wasipande, kama kondakta alivyomwambia yeye. Siku tatu mdogo wangu alikaa juu ya sanduku lake akiyaangalia mabasi yakipita. Ilibaki Jumamosi. Jumamosi jioni ndiyo ilikuwa mwisho wa kuwapokea wasichana. Asiyefika, nafasi yake inapewa msichana wa akiba, na wa akiba walikuwa wanasubiri palepale getini na wazazi wao.

Alhamisi nilimuuliza karani wa Mbeya kuhusu basi la Jumamosi.

"Limejaa, shemeji. Ningekuwa na kiti ningekuficha?"

"Hata cha nyuma?"

"Hata cha utingo."

Ijumaa mvua ikanyesha toka alfajiri na simu ikafa. Mchana akaja dirishani bwana shamba mmoja ninayemfahamu, buti zake zimejaa tope la Usangu. Alikuwa ameenda kukagua mpunga, na tiketi ya kurudi alishalipia: kiti cha tisa, Jumamosi, kupandia njiani, Igawa. Lakini alikuwa amepata lifti ya lori, akawahi siku moja.

"Kamwene, binti. Hiki kiti sikihitaji tena. Mnipe cha wiki ijayo."

Nilimwangalia. Mtu wa kiti cha tisa alikuwa amesimama mbele yangu Iringa, na huko Mbeya ubao ulisema kesho atapanda Igawa. Nilijua kiti kitakuwa kitupu njia nzima. Nilikuwa mtu pekee aliyejua, ukimtoa bwana shamba mwenyewe, na yeye alikuwa anafikiria buti zake.

Mzee alisikia. Alijua pia habari za mdogo wangu.

"Funga uzi," alisema.

Nikakitoa kizibo, nikafunga uzi. Basi la kwenda Mbeya lilipofika alasiri nilimfuata dereva hadi kwenye usukani.

"Hiki ni cha kesho. Kifike usiku huu huu. Mwambie karani anayepanda ni msichana wa Uyole mwenye sanduku la bati. Na ukipita Uyole, mwambie wakala asimwache aondoke barabarani."

"Ni nani yako?"

"Mdogo wangu."

Alikitia kizibo kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo. "Kimeshafika hicho," alisema. "Wewe kapike."

Nilipika. Nilifagia chumba changu, nikatandika mkeka wa pili. Sikumbuki kama nilifurahi. Nakumbuka nilihesabu kwamba akishuka stendi adhuhuri, tutawahi getini jua likiwa bado juu.

Jumamosi simu ilikuwa bado imekufa. Nilikaa mbele ya ubao wenye vizibo vyekundu na uzi mmoja mweusi. Alikuja mwanamke akitaka kwenda Morogoro, akaunyoshea kidole msumari wa tisa.

"Si kile pale kitupu?"

"Hatujui bado, mama. Basi likifika tutajua."

"Ninyi wenye ubao ndio hamjui?"

"Ndiyo, mama."

Basi lilifika limechelewa kidogo. Nilitoka nje, jambo ambalo kwa kawaida sikulifanya. Abiria walishuka wakijinyoosha. Akina mama, mapadri wawili, mwanajeshi, watoto. Nilipanda ndani. Kwenye kiti cha tisa palikuwa na mkungu wa ndizi umesimamishwa, na koti la kondakta limeufunika.

Utingo alicheka. "Huyo ni abiria wa Tukuyu, dada. Halipi."

Kondakta alinitambua. Alitia mkono mfukoni akanipa kizibo changu.

"Mzigo wako huu. Lile basi la jana lilivunjika ekseli karibu na Igawa, watu wamelala barabarani. Dereva alituona tunapita, akatusimamisha, akatupa."

"Igawa."

"Palepale. Na yule bwana wa kiti cha tisa wala hakutokea. Nikasema basi, ndizi za mama mkwe zikae zisiumie."

Ukitoka Mbeya, Uyole iko kabla ya Igawa. Kizibo na basi vilikutana njiani, basi likiwa limeshampita mdogo wangu.

"Uyole hukumwona msichana mwenye sanduku la bati?"

Alifikiri. "Nilimwona. Alisema ana dada Iringa kazini kwetu. Nikamwambia kila mtu ana dada. Kiti kilikuwa na mwenyewe, ningefanyaje?"

Hakukosea. Aliufuata ubao wa Mbeya, kama mimi nilivyoufuata. Niliteremka. Mzee alikuwa ameshautoa uzi kwenye msumari na yule mwanamke wa Morogoro alikuwa analipa. Kondakta alihamisha ndizi zake.

Mdogo wangu alifika Jumapili jioni, juu ya lori la viazi, nguo zote vumbi ila sare, aliyokuwa ameifunga ndani ya kanga. Jumatatu mapema tulikwenda shuleni. Mama mlezi alitupokea vizuri, akatupa chai. Akasema kitanda kimeshapata mtu tangu Jumamosi jioni na hawezi kumwamsha mtoto wa watu amtoe. Nilimwelewa. Nilimuuliza kama mwakani. Akasema mwakani watakuja wa mwakani.

Tulirudi kwa miguu. Mdogo wangu alibeba upande mmoja wa sanduku, mimi upande mwingine. Tulipokaribia mjini akaniuliza.

"Dada, pale Uyole niliona kiti kitupu dirishani. Kilikuwa cha nani?"

"Cha bwana shamba. Alikuwa apande Igawa."

"Alipanda?"

"Hapana. Alikuwa huku."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua tangu Ijumaa."

Mkono wake haukuachia sanduku. Akasema tubadilishane upande, chuma kinamkata, nikabadilisha.

Hakurudi Uyole. Alibaki kwangu, akajifunza kushona kwa jirani, na sare ile akaikata ikawa magauni ya mtoto wa jirani huyo. Hatukulizungumzia tena jambo lile.

Jumatatu ile ile alasiri nilirudi dirishani. Simu ilikuwa imepona.

"Shemeji! Mlikuwa mmekufa?"

"Tupo. Soma viti."

Akasoma. Kwanza, pili, tatu. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, ila safari hii hakuwa anaangalia ubao.

"Tisa, kimejaa," karani akasema.

Nikakichukua kizibo, nikakitundika.