Mama wa Mitumba Aliyenifungua Masikio

Nimepigiwa simu kutoka Ntimaru kwamba yule mama wa mitumba amekufa. Presha, alianguka akifua. Nilisema asante, nikaendelea kuchambua mboga. Sikulia. Wasomaji wangu mnanijua, machozi yangu yaliisha zamani, na walioyamaliza leo nitawataja, ijapokuwa bila majina, maana wengine bado wanasoma gazeti hili.

Mimba yangu ya kwanza niliibeba hapa Kosele bila kujua kitu. Shule niliachia darasa la sita. Mama mkwe alikataza uzazi usitajwe mbele yangu, eti kuongea habari za mtoto kabla hajafika ni kumwitia kifo. Shangazi zangu wawili wakaitikia. Muuguzi wa zahanati alinipapasa tumbo bila kufungua mdomo. Basi siku maji ya mtoto yalipotoka, nilidhani nimejikojolea. Nikaona aibu, nikafua leso, nikaianika nyuma ya choo, nikanyamaza siku mbili. Mtoto alitoka amekufa. Mama mkwe akasema ni kwa sababu nilinunua kofia yake mapema.

Mimba ya pili niliogopa hata kuiangalia. Huyu marehemu, Mkuria, alikuwa akiuza sweta za shule karibu na nyanya zangu sokoni. Hakujua Kijaluo, nami sijui Kikuria, tukabaki na Kiswahili, chake kile cha mpakani tulichokuwa tunakicheka. Siku moja wateja walikosekana. Akachukua sweta ya shingo ndefu, akatia kabichi ndogo ndani, akaanza kuisukuma polepole kuelekea shingoni, akieleza mtoto anavyotoka. Nikaziba masikio. Akauliza kama masikio yangu ni ya kusikia bei peke yake. Nikamwambia nikisikia haya, huyu naye atakufa.

“Na yule wa kwanza, dada, ulikuwa umesikia nini?”

Nikatoa vidole masikioni. Kwa Kijaluo ningekimbia, maneno yale kwetu yana aibu. Kwa Kiswahili yalikuwa kama maneno ya ofisini, nikayavumilia. Akanionyesha shingo inavyofunguka kidogo kidogo. Akasema maji yakitoka, mengi au machache, nisifue kitu, niende hospitali. Nilimrudisha mwanzo mara nyingi mpaka akasema kabichi imechoka kuzaliwa. Maji yangu yalitoka nikiwa kanisani siku ya Sabato, katikati ya mahubiri. Nikasimama, nikasema maji yametoka, nipelekwe hospitali. Mke wa mchungaji alinitazama kama mlevi. Jioni ile nilizaa binti, akalia.

Binti huyo sasa yuko Migori, mimba ina miezi saba. Mara tatu ameniuliza kuzaa kukoje, mara tatu nimemjibu atajua akifika. Kwa hiyo kwenye wakosaji wangu mniandike na mimi. Mwenye binti asingoje kuulizwa kama nilivyongoja. Nilipomaliza zile mboga, nilimpigia. Nilianza kwa Kijaluo, aibu ikanirudia, nikaanza tena kwa Kiswahili. Nikamwambia yote, hata habari za yule wa kwanza, ambaye binti yangu hakuwahi kujua kwamba alikuwepo.

“Mama, kumbe siku hizo mbili ulikuwa peke yako?”

Nikamwambia hapana, boma lilikuwa limejaa watu.