Gemu Iliyotangulia Kwenye Televisheni

Harufu ya plastiki iliyopata moto, mwanangu anapowasha gemu, hunirudisha utotoni, mtaani kwetu Kikuyu. Gemu mpya tuliyoingojea ilikuwa imetoka kwa mashine za kuchomeka kwenye televisheni tu. Za mkononi zingeipata baadaye. Dada yangu alikuwa Mpwapwa kwa bibi, mguu umefungwa plasta, akiwa na mashine yake ndogo ya mkononi tu. Nikawa nacheza kwa jirani, nikimchorea njia zote daftarini.

Nilipompelekea daftari, alifunua kurasa mbili, akalifunga.

"Umeshaimaliza?"

"Nimeimaliza, dada."

"Basi usiniambie. Nitafika mwisho mwenyewe."

Alisubiri miezi. Ilipotoka ya mkononi, aliicheza siku tatu, kisha akanipigia simu kwa kelele: "Nimefika!"

Nilijifanya sijui alichokikuta, nikamwacha anisimulie yote.