Pengo Halikuwa na Kosa

Asubuhi ya kwanza ya mafunzo niliwagawia washiriki vioo vya mkononi, biskuti na vikombe vya maji. Wakadhani ni chai imewahi. Tulikuwa katika ukumbi wa kukodi mjini Karatu, karibu na barabara ambako magari ya watalii hupita yakielekea lango la Ngorongoro. Walikuwapo wauguzi, matabibu na daktari mmoja wa meno. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi. Nimekulia hapa hapa Karatu, wazazi wangu walipohamia kutoka Kilimanjaro kufungua duka, na kwa miaka mingi nilitamani kuja kuifundisha kazi yangu nyumbani.

"Kuleni mkijitazama," niliwaambia. "Kila mtu auangalie ulimi wake anapomeza. Unakwenda wapi?"

Walicheka, makombo yakaruka. Kisha wakainamia vioo, maana hakuna aliyewahi kujiuliza. Nikawaeleza kwamba ulimi ukipumzika unatakiwa ulale juu, umegusa kaakaa, midomo imefungwa na pumzi inapita puani. Kuna watu ambao ulimi wao hulala chini, na kila wakimeza unasukuma meno ya mbele. Matamshi yanapotoka, na mtu anaambiwa ndivyo alivyoumbwa.

Muuguzi kutoka Endulen, upande wa pili wa kreta ya Ngorongoro, akanyoosha mkono. Ni Mmaasai mrefu, mwenye sauti ya chini. Alifungua mdomo akatuonyesha pengo: meno mawili ya mbele ya chini, yaliyong'olewa utotoni kwa desturi ya kwao.

"Mwalimu, kwetu wengi tuko hivi. Hizo picha zako zote zina meno kamili. Mtu kama mimi anapimwaje?"

Nikamwambia sijawahi kumpima mtu mwenye pengo hilo. Kesho yake akaja na mgonjwa.

Alikuwa binti wa kwao Endulen, amemaliza kidato cha nne, anafanya usafi kwenye loji moja pale Karatu. Alitaka kusomea kazi ya kuongoza watalii. Alikaa mbele yetu akiwa amejifunika mdomo kwa kiganja, na alipokiondoa tuliliona pengo lile lile.

"Nilikwenda kwenye uthaili wa chuo," alisema taratibu. "Nilipothema jina la thimba, wakacheka."

Daktari wa meno alimwangalia kwa upole. "Tatizo ni hili pengo. Tumtengenezee meno ya bandia, ulimi upate ukuta wa kuuzuia."

Wengi waliafiki. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nikubali.

"Subirini kidogo," akasema muuguzi. Akamgeukia binti. "Sema 'sisi sote'."

"Thithi thote."

"Sisi sote," akarudia yeye, kila herufi imekaa mahali pake. Akatutazama. "Pengo ni lile lile."

Daktari wa meno ndiye aliyeanza kucheka. Akavuta kiti karibu na binti. "Haya, tuanze upya."

Tukaanza upya, na safari hii kwa utaratibu. Muuguzi aliweka kioo chini ya pua ya binti. Kikapata ukungu pande zote mbili, kwa hiyo pua ilikuwa wazi. Akamwambia anyanyue ulimi. Ukanyanyuka bila kuvutwa na ule uzi wa nyama ulio chini yake. Halafu akampa maji, akamfungua midomo kwa vidole vilivyovaa glavu, akamwambia ameze. Sote tukauona ulimi ukichomoza katikati ya meno.

"Ulipokuwa mdogo ulilalaje?" nikamuuliza.

"Mama huthema nililala mdomo wadhi. Pua ilikuwa ikidhiba kila mara."

Basi ndiyo hiyo. Pua ilipona zamani, lakini ulimi ulibaki chini na mbele, ulikozoea kukaa wakati anapumua kwa mdomo.

"Kwa hiyo thi meno?"

"Siyo meno," muuguzi akamjibu.

Machozi yakamtoka. Alituambia kwamba tangu shule ya msingi amekuwa na hasira na baba yake kwa ajili ya lile pengo, na hajawahi kumwambia.

Kazi ikaanza. Tulimpaka asali nyuma ya meno ya juu, ncha ya ulimi ijifunze kupanda. Nilitaka pia aubandike ulimi wote kwenye kaakaa, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyochanganyikiwa. Muuguzi akamnong'oneza jambo kwa Kimaasai. Binti akacheka, akatoa mlio mkali wa ulimi, ule wa kuwaswaga punda, ulimi ukiganda wote kaakaani kabla ya kuachia.

"Hapo!" nikapiga kelele. "Kabla hujauachia, ubakize hapo hapo!"

Baada ya mafunzo, binti alikuwa akijirekodi kwa simu na kututumia sauti, muuguzi na mimi. Maendeleo yalikuwa ya kusuasua. Kuna wakati binti alichoka, akaandika kwamba anaacha. Muuguzi hakumgombeza. Siku yake ya mapumziko alipanda gari mpaka Karatu, wakakaa nyuma ya jiko la loji, wakameza maji pamoja, funda baada ya funda, mpaka mpishi akawauliza kama wana kiapo.

Kisha asubuhi moja nikapokea sauti ambayo haikuwa zoezi. Simu ilikuwa imewashwa kabla hajawa tayari, naye alikuwa akimkaripia mwenzake: "Simama hapo hapo! Sijamaliza kusafisha, usinichafulie sakafu!"

Hakujua kama tumemsikia. Nilipiga vigelegele peke yangu, jirani akaja mbio kuuliza nani kaolewa.

Binti alirudi kwenye usaili wa chuo, akapita. Daktari wa meno alinipigia simu kunipa habari kwa furaha kama vile ni mwanawe. Na kundi la pili la mafunzo lilipokutana Endulen, binti akiwa amekwisha kuhitimu, aliyefundisha ni yule muuguzi, mimi nikikaa na washiriki na kuuliza maswali.

Nikiwa njiani kwenda huko, tulisimama ukingoni mwa kreta. Ukungu ulikuwa unaachia, na binti alikuwa pale na wageni wake, amevaa koti la kazi, anawaeleza jinsi mlima ulivyobomoka na kuwa bonde. Aliniona, akanipungia mkono, lakini hakukatiza. Aliongea mpaka dereva wake akamwita mara mbili waondoke, naye akamjibu kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye gari letu: "Subiri, bado sijasema yote!"