Ngozi ya Bihogo Haijaletwa

Muzee Ndabereye alinyosha mikono miwili mbele yangu, viganja juu, kama mutu anayengoja kupokea kitu kizito. Akaniuliza: "Faustini, ngozi iko wapi?"

Nyuma yake watu wa vilima vitatu walikuwa wamekaa kwenye majani yenye umande, mbele ya seshwari. Seshwari ndiyo nyumba ya kukaushia maua ya pareto. Mlango ulikuwa wazi na ndani hamukuwa na kitu. Moto ulikuwa umezimika, trei hazikuwepo, na pale iliposimama moteri kubwa zilibaki boliti nne tu zikichomoza kwenye simenti. Ukungu uliingia ndani polepole, ukazunguka kati ya kuta kama ndiye mwenye nyumba. Mimi ndiye niliyewafundisha watu hawa maneno yote ya biashara.

"Nakuuliza kwa upole," akasema Muzee. "Ng'ombe ikikufa, muchungaji analeta ngozi. Weye mwenyewe ulisema italetwa. Leta basi."

Sikuleta. Nikatazama chini, nikaona siafu wakipita juu ya kiatu changu.

Ninyi vijana mnasikia kwenye redio maneno haya: hisa, mtaji, faida, hasara. Mimi nilisoma miaka mitatu tu kwa mapadri, hata leo ninasoma kwa kidole. Lakini maneno hayo niliyafahamu kazini, na acheni niwaambie yalinipata vipi.

Nilianza miaka ya hamsini, bado kijana, ndevu zinaota kwa shida. Siku ya kwanza nilipanda kilima kabla jua halijatoka, njia ya Rutshuru ikiwa chini yangu, na nilipofika juu nikadhani mawingu yameanguka shambani. Yalikuwa maua. Meupe, mpaka mwisho wa macho, na wanawake wakitembea ndani yake, yakiwafika kiunoni, kama watu wanaovuka mto wa maziwa. Hakuna aliyesema kwa sauti. Vumbi la pareto linatia ganzi midomo, na inzi wanaoingia seshwari wanaanguka wenyewe, wanalala miguu juu. Sisi watu pia tulitembea nusu usingizi. Mpaka leo nikiota, ninaota mahali pale, na katika ndoto hakuna anayenidai jibu.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Kapita wa Moto. Alinitia kwenye kuni. Nikajaza jiko kwa nguvu, nikitaka anisifu.

"Weye unapika nyama?" akaniuliza. "Ua linakauka kama mutoto anasinzia. Ukilikimbiza, nguvu yake inatoroka, tunabaki kuuza majani."

Nilikaa kwenye moto miaka miwili. Halafu wakanipeleka kwenye mizani, na huko ndiko nilikokutana na neno la kwanza, bei. Siku moja bei ilishuka, na mama mmoja, Nyirakaruta, akaweka kikapu chake chini, akanishika mkono.

"Maua ni yale yale, kikapu ni kile kile, na mugongo wangu njo huu huu. Nani amekula pesa yangu?"

Nikamuuliza Komptable wetu, mwandishi wa hesabu, Anaklet Rwabutiti, mutu wa suruali yenye mkunjo uliosimama kama kisu. Yeye akanieleza vizuri, sikatai. Alisema bei haikai kilimani kwetu, inakaa ng'ambo, mahali penye wanunuzi. Maua yakiwa mengi sokoni, mnunuzi anachagua na kununa. Yakiwa machache, anakuja mbio na kuchekacheka. Kilimo chetu ni kile kile, lakini haja ya yule wa mbali inapanda na kushuka. Nikarudi kumwambia Nyirakaruta. Akasema, "Basi huyo wa mbali aje alime."

Kwa kuwa nilijua kueleza, Komptable akanichukua Goma, kwenye biro ya kampuni, nyumba ya mawe meusi karibu na ziwa. Nilikuwa planto, mutu wa kubeba barua na kukaa mlangoni. Mchana ziwa lilikuwa kimya, moshi wa volkano ulisimama juu ya mji bila haraka, na mimi nilisikiliza wakubwa wakisema maneno yao. Nilisikia Bwana Derouvel, ndiye Direkta, anataka moteri mpya ya kupuliza hewa ya moto ili seshwari ifanye kazi mara tatu. Pesa ya kununulia moteri ndiyo waliyoiita kapitali, yaani mtaji.

Mtaji unapatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni mkopo wa banki. Banki inataka riba, na riba hailali: upate faida, usipate faida, yeye anapokea chake. Njia ya pili ni kuuza hisa. Anayenunua hisa hakukukopesha, amekuwa mwenye kampuni pamoja nawe kwa kipande chake. Kukiwa na faida mnagawana, na mgawo huo unaitwa dividande. Kukiwa na hasara, naye ana hasara. Bwana Derouvel akachagua kuwauzia hisa wakulima wa vilima. Lakini wakulima hawakujua Kifaransa, na Direkta hakujua vilima. Akataka mukalimani. Akanitazama mimi mlangoni.

Njiani nilifikiri nitawaelezaje, na nilipopata njia nilijiona mwenye akili kupita mapadri wote. Nikawaambia hivi: kampuni ni ng'ombe. Mtaji ni ng'ombe mwenyewe. Faida ni maziwa na ndama. Hisa ni kuwa na sehemu katika ng'ombe huyo na wenzako, na Bwana Direkta ni muchungaji mliyempa awachungie. Kwetu kila mutu anajua kumpa mwingine ng'ombe amchunge. Nyuso zikafunguka.

"Na mimi mwenye kununua hisa moja, nitapewa mukia?" Nyirakaruta akauliza.

"Utapewa mukia na inzi zake," mutu akajibu, na watu wakacheka mpaka Direkta naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Muzee Ndabereye hakucheka. Alikuwa na ng'ombe watano, na mkubwa wao, Bihogo, alikuwa wa rangi ya damu iliyokauka, mwenye maziwa mengi. Muzee hakuwahi kuweka ng'ombe wake zizi moja. Wawili alikuwa nao, wawili walikuwa kwa shemeji yake Masisi, mmoja kwa rafiki upande wa Kiwanja, ili ugonjwa ukija kilima kimoja usiwamalize wote. Akasimama.

"Uliza muzungu: na huyu ng'ombe wake akikufa, ataleta ngozi?"

Mnajua desturi yetu. Muchungaji ambaye ng'ombe wa mutu amemfia mikononi anampelekea mwenyewe ngozi, anaeleza alikufa namna gani na nyama ilikwenda kwa nani. Asipoleta ngozi, ng'ombe hakufa. Ameuzwa.

Nikatafsiri. Bwana Derouvel akapangusa jasho, akatazama saa. "Waambie ndiyo," akasema. "Waambie ngozi italetwa."

Nikawaambia. Baadaye Muzee akanivuta pembeni, nyuma ya kamyo, lori la kampuni. "Faustini, mutoto wangu, niweke mmoja ama wote watano? Mimi nimezoea kugawa."

Hapa ndipo ninapojitaja mwenyewe, kwa sababu nitawataja wengine. Nilijua jibu. Komptable alikuwa amenifundisha kwamba kugawa mali mahali mbalimbali ni kupunguza hatari, na mwenye akili haweki yote katika hisa za kampuni moja. Muzee alijua hilo bila biro. Lakini Direkta alinipa komisyo, kitu kidogo juu ya kila hisa iliyouzwa, na mimi nilikuwa nimeshaona baiskeli ya kijani kwa Muhindi mjini. Nikasema, "Muzee, mwenye kuweka yote atakuwa mkubwa kati ya wakubwa."

Akauza wote watano. Bihogo aliondoka wa mwisho, akigeuka-geuka njiani. Muzee akapewa karatasi za hisa, za kijani zenye picha ya ua, akazitia ndani ya chombo cha maziwa kilichobaki kitupu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu. Moteri ilikuja juu ya kamyo, tukaifunga kwenye simenti. Ilipasuka kidogo ubavuni siku ya kuishusha, fundi akaiunga, na tangu siku ile ilikuwa na kikohozi: inapumua, inapumua, inakohoa, inanyamaza kidogo, inaendelea. Ulisikia kikohozi hicho mpaka kilima cha pili. Dividande ilitoka, mke wa Muzee akavaa kitambaa kipya, na Muzee alikuwa anasimama katikati ya njia, fimbo begani, macho amefunga.

"Sikia," alikuwa anasema. "Bihogo anapumua."

Mwaka uliofuata bei ikaanguka kule ng'ambo, haikusimama tena. Bwana Derouvel akasema anakwenda likizo Ulaya. Hakurudi, hata barua hakuandika. Anaklet Rwabutiti ndiye aliyeachiwa kazi ya kufunga kampuni, inayoitwa likidasyo. Ni kama kuchinja na kugawa: kila kitu kinauzwa, kwanza wanalipwa wafanyakazi na wenye madeni, na wenye hisa wanangoja mwisho, wachukue kinachobaki. Sheria iko hivyo, sipigani nayo. Lakini mgawo unafanyika mbele ya watu. Anaklet alibandika karatasi moja mlangoni Goma: hakuna kilichobaki. Watu wakapanda seshwari kutazama, nami nikapanda nao, na mliyoyakuta hapo mwanzo ndiyo yaliyotokea.

Muzee Ndabereye alishuka Murara, mtaa wa Goma, kwa mpwa wake, akabeba makaa kwa watu wengine, mutu aliyekuwa na ng'ombe watano. Tulikuwa tunakutana baada ya misa. Hakunitukana hata mara moja. Alikuwa ananyosha mikono tu, viganja juu, kisha anaishusha. Alikufa akiwa Murara, msimu wa mvua. Baiskeli niliiuza, pesa nikampelekea mjane wake kule Rutshuru. Akazitazama, akanirudishia.

"Hii siyo ngozi," akasema.

Baada ya hapo nilipima maharagwe ya matajiri mpaka macho yakakataa kusoma namba za mizani. Nimepita miaka hamsini kidogo na nimeshaachishwa kazi. Ninakaa mlangoni, na mchana ninasinzia, maua meupe yanarudi. Nilidhani nitamaliza hivyo.

Mwezi uliopita nilikwenda Kiwanja kununua mbegu. Nilikuwa ninapita sokoni katikati ya watu, nikasikia: inapumua, inapumua, inakohoa, inanyamaza kidogo, inaendelea. Miguu yangu ikaifuata sauti yenyewe. Nikafika kwenye kinu cha unga. Moteri ile ile, na ubavuni kovu la fundi wetu. Nikaligusa. Lilikuwa la moto.

Anaklet Rwabutiti akatoka ndani, mweupe wa unga mpaka kwenye nyusi. "Papa Faustini! Bado unaishi? Ingia, tuagize pombe."

"Moteri hii uliipata wapi?"

"Niliinunua."

"Kwa nani?"

"Kwa kampuni."

"Kampuni ilikuwa imekufa. Mwenye kuuza mali yake alikuwa weye."

Wanawake waliokuwa na mahindi wakageuka kututazama. Yeye akacheka. "Ayi, Papa! Mambo ya zamani hayo. Weye ulipanda baiskeli, mimi ninasaga unga. Tuzeeke kwa amani."

Sikunywa pombe yake. Sasa ninamwandikia hapa, mbele yenu wote.

Anaklet Rwabutiti, ulisema hakuna kilichobaki, na kilichobaki kinakusagia mahindi kila siku ya soko. Kama uliinunua, toa karatasi. Zima moteri ili watu wasikie vizuri, usome bei uliyoilipa, na useme pesa hiyo ilikwenda kwa nani. Nawe Bwana Derouvel, kama bado unapumua kule uliko, wewe ulisema "waambie ndiyo." Mimi niliwaambia. Ulimi ulikuwa wangu, "ndiyo" ilikuwa yako.

Baiskeli yangu nimeshaikiri, na nitaikiri tena kinuni. Mjane wa Ndabereye yuko hai. Karatasi za kijani bado ziko ndani ya chombo cha maziwa. Nitamleta Kiwanja siku ya soko, nimkalishe mbele ya moteri ile, na yeye hatasema mengi. Atanyosha mikono. Anaklet, utatia nini ndani yake?