Sahani ya Kabange

Bandugu, munaniona ninasimama ku miguu yangu mwenyewe, lakini musifikiri nilikuwaka muntu wa akili. Minyi ni Kyungu, nafanya kazi ku treni hapa Kamina. Tulizaliwa mapasa, minyi na Kabange. Kwetu, mapasa banakula mu sahani moja. Hata kisha kuoa, kila siku ya Mungu tulitoka kanisani tukaenda kula kwa mama, bukari moja ya unga wa mahindi, sahani moja.

Na ile sahani ilikuwaka nyama tupu. Treni ikisimama ku gare ndogo, bamama banaleta nyama ya kukausha mupaka ku madirisha, minyi nanunua. Kabange alipenda maini na figo za mbuzi, na pombe ya kushushia. Majani tuliachia bagonjwa.

Asubuhi moja nilishindwa kuvaa kiatu. Kidole kikubwa cha muguu kilivimba, ngozi ikawa nyekundu, inang'aa kama nyanya. Shuka ikikigusa tu, nalia, na minyi ni baba wa bana batano. Jirani alisema nimekanyaga dawa ya balozi, bale bachawi, na minyi nikaamini. Kisha goti likavimba, kisha mukono. Nilienda ku choo kwa kujikokota na matako. Treni ikaondoka na muntu mwingine.

Ku hospitali dokta alipima damu, akasema:

"Papa Kyungu, hii ni guti, ugonjwa wa kuvimba viungo. Nyama na pombe njo vinakuua. Figo zako zimeanza kuchoka."

Bibi yangu, Mama Ilunga, mama ya bana bangu, akaanza kunipikia majani ya lengalenga na karanga, matembele, maharagi, sombe ya mihogo bila samaki. Ee Mungu wangu. Nilikaa mbele ya ile chakula kama muntu wa matanga. Tumbo ilijaa hewa, bana bakanikimbia mu nyumba. Jirani akichoma nyama, nafunga dirisha.

Siku ya Mungu nilibeba mboga zangu kwa mama. Kabange alicheka sana, akasema kama minyi nakula majani sawa na mbuzi, basi yeye atakula mbuzi. Niliomba mama sahani yangu mwenyewe. Mama, mwenye hakulaka majani bila nyama, alinipa bila kuniangalia.

"Mapasa banakula pamoja," alisema. "Mukigawa sahani, munanigawa minyi."

Nilikula peke yangu, na kiburi ya mugonjwa anayeanza kupona. Kisha sikurudi tena kula pale. Uvimbe ulishuka. Kiatu kikaingia. Nikarudi ku treni.

Kumbe Kabange naye alikuwa anachechemea. Nilimuuliza, akasema kiatu kinabana. Alinunua vidonge vya maumivu ku soko, anameza na pombe, sababu kwenda kwa dokta ilikuwa kukubali yale majani aliyoyacheka. Tulipomupeleka ku hospitali, uso ulikuwa umevimba na mukojo umekatika. Figo zilikuwa zimekufa.

Alinishika mukono.

"Kyungu, leta yale majani yako. Tukule."

Mama Ilunga alipika lengalenga. Tulikula mu sahani moja. Kabange alimeza matonge mawili, akasema haina mubaya. Kesho yake akatuacha.

Namushukuru Mungu, dokta na bibi yangu. Lakini kupona peke yako haina utamu. Heri ningeweka yale majani katikati ya sahani yetu, tugombane, anitukane, lakini tukule. Kwa hiyo nakuambia weye unayekatazwa nyama: usiende kula mboga zako mu kona. Zilete ku meza ya ndugu zako. Na kidole ikivimba, usifiche.

Sasa nimerudi kula kwa mama. Kila siku ya Mungu anapika lengalenga na karanga, anaweka mu ile sahani yetu ya zamani, anakaa mbele yangu. Minyi nakula upande wangu. Upande wa Kabange, mama njo anaukula.